Feni sita za kasha, soketi mbili za mazabodi: umeme utoke wapi, na amri itoke wapi?

#1, Mleta uzi

Wakuu, habari za leo.

Mtu akinunua kasha jipya la kompyuta lenye nafasi ya feni sita, mara nyingi hukuta kwamba mazabodi yake (bodi kuu ya kompyuta) ya bei ya kawaida ina soketi ya feni ya prosesa pamoja na soketi moja au mbili za feni za kasha, basi. Hapo ushauri huanza kumiminika. Mmoja anamwambia anunue splita, yaani waya wa kugawa soketi moja kwa feni kadhaa, mwingine anamwambia achomeke zote kwenye waya wa Molex (wenye plagi pana ya pini nne) wa pawa saplai, kifaa kinachoilisha kompyuta umeme, na wa tatu anamhakikishia kuwa soketi moja inabeba feni zozote anazotaka kwa kuwa feni ni kitu kidogo. Kila ushauri una ukweli kiasi ndani yake, na kila mmoja unaweza kumuunguzia bodi au kumwachia kompyuta inayovuma usiku kucha, kwa sababu wanaoutoa huchanganya vitu viwili ambavyo feni huvipokea kwa nyaya tofauti: umeme wa kuizungusha, na amri ya kuiambia izunguke kwa kasi gani. Ukishavitenganisha vitu hivyo kichwani, unaweza kuchukua umeme mahali pamoja na amri mahali pengine, na tatizo la soketi mbili linakwisha.

Kabla ya kununua chochote, geuza feni usome karatasi iliyobandikwa katikati ya mgongo wake. Utakuta maandishi kama «DC 12V 0.15A». Hiyo 0.15 ni ampea inazokula feni hiyo ikiwa kwenye kasi kamili, na ukizidisha kwa volti 12 unapata wati 1.8. Namba hii hutofautiana sana hata kwa feni zenye ukubwa uleule wa milimita 120. Noctua NF-F12 PWM imeandikiwa ampea 0.05, NF-A12x25 PWM imeandikiwa 0.14, na ile NF-F12 ya viwandani inayofika mizunguko 3,000 kwa dakika imeandikiwa 0.3, yaani mara sita ya ile ya kwanza. Kwa hiyo anayeuliza soketi moja inabeba feni ngapi hawezi kujibiwa mpaka asome karatasi ile.

Upande wa mazabodi, bodi nyingi za matumizi ya kawaida zimeandikiwa ampea 1 kwa kila soketi ya feni, yaani wati 12. Baadhi zina soketi moja iliyotengwa kwa ajili ya pampu ya kupoza kwa maji, nayo huruhusiwa ampea 2 au hata 3. Kijitabu cha bodi yako ndicho cha kuaminiwa kuliko mchangiaji yeyote humu, mimi nikiwemo. Feni zinazogawana soketi kwa splita huwa zimeungwa sambamba: kila moja inapata volti 12 zake kamili, na ampea zao zinajumlishwa. Feni sita za 0.15 ni ampea 0.9. Kwenye makaratasi zimeingia ndani ya ampea 1, na hapo ndipo wengi huridhika.

Mimi siridhiki. Mota iliyosimama inapoanza kuzunguka hunywa mkondo mkubwa kuliko ule ulioandikwa, na feni zote kwenye splita moja huanza kwa wakati mmoja. Ili kuona ukubwa wa tofauti hiyo, waraka wa Intel unaoeleza feni za nyaya nne unairuhusu feni kufika ampea 1.5 ikiwa imetulia katika mzunguko, lakini unairuhusu kufika 2.2 inapoanza, kwa muda usiozidi sekunde moja. Feni zetu ni ndogo zaidi, ila uwiano huo unatosha kukuonya. Kwa soketi ya ampea 1, mimi husimama karibu na 0.7 kwa hesabu ya karatasi na kuacha kinachobaki kwa ajili ya kuanza, kwa ajili ya vumbi, na kwa ajili ya feni za bei rahisi ambazo karatasi zao huwa na matumaini mengi. Wala usipige hesabu kwa kasi ya nusu kwa kuwa feni zako huwa kwenye kasi ya nusu. Ni kweli kwamba mwendo ukipungua nusu, nguvu inayotumika hushuka hadi karibu sehemu moja ya nane, lakini bodi nyingi huzipa feni zote kasi kamili kwa kitambo kidogo kila kompyuta inapowashwa, na soketi huungua katika kitambo kama hicho. Kinachoungua ni njia nyembamba ya shaba kwenye bodi au kifaa kidogo kinachodhibiti soketi ile. Fundi mzuri anaweza kukirekebisha, lakini gharama yake inaweza kuzidi mara kadhaa bei ya njia sahihi ninayoieleza hapa chini.

Sasa tuziangalie pini zenyewe. Feni ya pini tatu ina waya wa hasi, waya wa volti 12, na waya wa tatu unaoirudishia bodi taarifa ya mizunguko, ambao hutoa mapigo mawili kwa kila mzunguko mmoja. Feni ya pini nne inaongeza waya wa nne, huo wa amri, unaoitwa PWM. Rangi za nyaya huwapoteza hata mafundi. Katika feni nyingi za zamani za pini tatu, nyeusi ni hasi, nyekundu ni volti 12, na njano ni taarifa ya mizunguko. Katika mpangilio wa Intel wa pini nne, nyeusi ni hasi, lakini njano ndiyo volti 12, kijani ni taarifa, na buluu ni amri. Anayekata nyaya kwa kufuata rangi ya njano bila kuangalia ni feni ya aina gani anaweza kupeleka volti 12 kwenye waya wa taarifa. Na siku hizi feni nyingi zina nyaya nyeusi tupu, kwa hiyo hesabu kwa nafasi ya pini. Ukiiangalia soketi ya pini nne kwenye bodi, utaona kibao cha plastiki kilichosimama nyuma ya pini tatu tu. Hizo ni hasi, volti 12 na taarifa, kwa mpangilio huo kuanzia ukingoni, na ile ya nne iliyobaki nje ya kibao ndiyo ya amri. Ndiyo maana plagi ya pini tatu huingia bila shida kwenye soketi ya pini nne na kuiacha ya nne wazi.

Feni ya pini tatu haina sikio la kusikia amri, kwa hiyo bodi huipunguza kasi kwa kuipunguzia volti zenyewe kutoka 12 kushuka chini. Feni ya pini nne hupewa volti 12 kamili muda wote, na amri inakuja pembeni kama mapigo ya haraka sana, kwa kawaida 25,000 kwa sekunde, ambapo urefu wa kila pigo ndio unaoiambia feni izunguke kwa asilimia ngapi. Waya wa amri ukikosekana, feni ya PWM hukimbia kwa kasi kamili, kwa sababu ndani yake waya huo umevutwa juu na feni yenyewe, na bodi kazi yake ni kuushusha tu. Hiki ni kipengele chenye manufaa makubwa kwetu, kwa sababu kinamaanisha kwamba amri haihitaji nguvu. Ampea zinazopita kwenye waya wa buluu ni kidogo mno, sehemu chache za elfu za ampea kwa kila feni, na soketi moja inaweza kuziamuru feni sita au nane ilhali haizilishi hata moja.

Hiyo ndiyo kazi ya habu ya feni. Ni kibodi kidogo chenye soketi nyingi, ambacho huchukua umeme kutoka pawa saplai kupitia plagi ya SATA (ile bapa ya kulishia diski), na huchukua amri kutoka soketi moja ya mazabodi kupitia waya mwembamba. Plagi ya umeme ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ikiruhusiwa ampea 1.5, jumla 4.5, kwa hiyo zile 0.9 zetu hazifiki hata robo yake. Soketi ya mazabodi inabaki na kazi ya kunong'ona tu. Kwa mtu mwenye feni nne au zaidi za PWM, mimi sioni sababu ya kuhangaika na kitu kingine. Splita ya bei rahisi inamfaa mwenye feni mbili, au tatu zinazokula kidogo.

Jambo ambalo watu hulisahau ni kuchagua ni feni zipi zikae pamoja. Kila kundi lililo kwenye soketi moja litapokea amri moja, na amri hiyo itafuata kipimajoto kimoja ulichokichagua katika BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio ya bodi unaoufungua kompyuta inapowaka. Ukiliweka kundi zima chini ya soketi ya feni ya prosesa, feni zako zitapanda na kushuka kila unapofungua ukurasa wa intaneti, kwa sababu joto la prosesa huruka kwa sekunde chache kisha hurudi. Mimi huziweka tatu za mbele, zinazoingiza hewa, kwenye kundi moja lenye kupanda polepole, na zile za juu na nyuma zinazotoa hewa kwenye kundi la pili lenye asilimia ndogo kidogo, ili hewa inayoingia kupitia vichujio izidi ile inayotoka, na vumbi lisinyonywe kupitia kila tundu la kasha. Wenye bodi za ASUS watayakuta hayo chini ya jina Q-Fan, Gigabyte huiita Smart Fan, na MSI huyaweka ndani ya Hardware Monitor.

Na kabla mtu hajaongeza feni ya saba, akumbuke kuwa hakuna feni inayoweza kushusha joto la ndani ya kasha chini ya joto la chumba. Chumba cha Dar es Salaam mwezi wa Februari kikiwa na nyuzi 32, hewa inayoingia mbele ya kasha ni ya nyuzi 32. Feni tatu mbele na moja nyuma, zikiwa zimepangwa vizuri, kwa kompyuta nyingi zinatosha. Zilizobaki mara nyingi ni za kupendeza macho, na sina ugomvi na hilo, ilimradi zilishwe vizuri.

Karibuni kwa maswali.

#2, Kijana wa Igoma

Asante sana mkuu kwa uzi huu. Nilinunua habu kama ulivyoeleza, nikachomeka feni nne zilizokuja na kasha langu pamoja na mbili nilizoongeza. Zile mbili zinatii BIOS vizuri kabisa, lakini zile nne zinakimbia kwa kasi kamili muda wote, hata nikiweka asilimia 30. Je, habu ni mbovu?

#3, Mleta uzi

Ndugu yangu, habu ni nzima. Angalia plagi za zile feni nne zilizokuja na kasha: bila shaka zina matundu matatu, si manne. Habu ya SATA inatoa volti 12 zisizobadilika, na amri inaipitisha kwenye pini ya nne ambayo feni zako hazina, kwa hiyo hazisikii lolote. Feni za pini tatu zinahitaji kulishwa na soketi inayoweza kupunguza volti.

Zihamishe hizo nne kwenye soketi ya kasha ya mazabodi kwa splita, baada ya kusoma karatasi zao na kujumlisha ampea. Kisha ingia BIOS uibadilishe soketi hiyo kutoka PWM kuwa DC, yaani udhibiti wa kupunguza volti. Bodi nyingi zina chaguo la kujitambulia zenyewe, lakini zikikutana na splita yenye mchanganyiko hukosea, na kwa hiyo ni bora uchague mwenyewe. Usizichanganye za pini tatu na za pini nne kwenye splita moja, kwa sababu ukichagua DC utazipunguzia volti feni za PWM ambazo hazikutengenezwa kuendeshwa hivyo, na ukichagua PWM zile za pini tatu zitakimbia kama zinavyokimbia sasa. Zipo pia habu zinazobadilisha amri ya PWM kuwa volti zinazopanda na kushuka, lakini lazima mtengenezaji aseme wazi kuwa inadhibiti feni za pini tatu. Asiposema, chukulia kuwa haifanyi hivyo.

#4, Mzee wa Lehemu

Vijana, mnajisumbua. Mimi nimefunga kompyuta tangu enzi za Pentium, na feni zote nilikuwa nazichomeka kwenye Molex. Zikipiga kelele, nilikuwa nahamisha waya wa hasi wa feni kutoka mweusi kwenda mwekundu, feni inapata volti saba na inatulia. Hakuna habu wala BIOS. Shida iko wapi?

#5, Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Kuchomeka kwenye Molex moja kwa moja hakuna shida yoyote kwa upande wa umeme, na kwa mtu mwenye feni za kasi ndogo ambazo hataki kuzidhibiti, ni njia salama kuliko splita iliyojazwa feni. Waya wa njano ni volti 12, mwekundu ni volti 5, na miwili myeusi ni hasi. Ubaya wake ni kwamba feni zinakimbia kwa kasi ileile kompyuta ikiwa inacheza gemu au ikiwa imekaa kimya.

Hiyo ya volti saba ndiyo ninayoomba vijana wasiifuate. Hesabu yake ni sahihi, 12 kutoa 5 ni 7, lakini mkondo wa feni unaporudi unarudi kwenye njia ya volti 5 ya pawa saplai badala ya kurudi kwenye hasi. Pawa saplai imetengenezwa kutoa umeme kwenye njia hiyo, haikutengenezwa kuupokea. Enzi za Pentium, diski na bodi zilikuwa zinakula mkondo mwingi wa volti 5, hivyo wa feni ulimezwa humo na hakuna aliyejua. Kompyuta za leo hutegemea zaidi volti 12, na matumizi ya volti 5 yakiwa madogo, njia hiyo inaweza kupanda juu ya kiwango chake. Kibaya zaidi ni feni kuharibika na nyaya zake kugusana ndani: volti 12 zitaingia moja kwa moja kwenye njia ya volti 5, yenye diski na vifaa vya USB vya mwenye kompyuta. Anayetaka feni tulivu bila kuidhibiti anaweza kupata waya wa kupunguza kasi wenye kizuizi ndani yake, na kazi ikaisha.

#6, Mzee wa Lehemu

Marahaba. Hapo kwenye diski nimekuelewa, maana nimeshaona diski imekufa na mwenye nayo hajui chanzo. Ila kuhusu hizo habu za SATA, waambie waangalie plagi. Nimeletewa moja imeyeyuka.

#7, Mleta uzi

Ahsante mzee, hilo linastahili kuandikwa. Adapta za kutoka Molex kwenda SATA zilizomiminiwa plastiki kwa pamoja, ambamo nyaya hazionekani zinapoingilia, zina sifa mbaya ya kuungua, kwa sababu ndani ya ile plastiki nyaya zinaweza kusogea hadi volti 12 ikakutana na jirani yake. Zile ambazo kila waya umebanwa kwenye pini yake, na unaweza kuona mwanya kati ya waya na waya, ni salama zaidi. Lakini la kwanza ni kutotumia adapta kabisa. Ichomeke habu kwenye plagi ya SATA iliyotoka na pawa saplai yenyewe, isukume mpaka ikae sawasawa, kwa sababu plagi iliyokaa nusu hugusa kwa sehemu ndogo na sehemu hiyo hupata moto.

#8, Binti wa Ilala

Samahani kaka, mimi feni zangu zina taa za rangi. Kila feni ina plagi mbili, na mbali na ile ya pini nne ya kuzungusha kuna nyingine yenye matundu matatu na pengo moja. Je, umeme wa taa nao unaingia kwenye hesabu ya ile ampea 1? Na nitajuaje pa kuichomeka?

#9, Mleta uzi

Dada, hauingii kabisa, taa zina hesabu yake. Plagi yenye matundu matatu na pengo moja ni ya ARGB, yaani taa ambazo kila kitaa huamriwa rangi yake, nayo hutumia volti 5. Ipo nyingine ya RGB ya kawaida, ambayo taa zote huwa na rangi moja, yenye matundu manne yaliyojaa, nayo hutumia volti 12. Ukiilazimisha ya volti 5 ikae kwenye soketi ya volti 12, taa zinaungua papo hapo na hakuna cha kurekebisha. Angalia maandishi madogo kwenye bodi pembeni ya soketi. Kwa mfano MSI huiita ya volti 5 JRAINBOW na ya volti 12 huiita JRGB, na majina hayo yanafanana vya kutosha kumpoteza mtu anayefanya kazi kwa tochi ya simu.

Kuhusu hesabu, soketi nyingi za ARGB zimeandikiwa ampea 3. Kitaa kimoja cha aina inayotumika sana kwenye feni hizi hula hadi karibu ampea 0.06 kikiwaka rangi nyeupe kwa mwanga kamili, kwa sababu ndani yake kuna vitaa vitatu, chekundu, kijani na buluu, na nyeupe huviwasha vyote. Feni yenye vitaa nane itakula ampea 0.48, na feni sita zitakula 2.88. Zinaingia, lakini kwa shida, na ukiongeza mkanda mmoja wa taa umevuka. Dalili yake ya kwanza huwa kwamba feni ya mwisho kwenye mnyororo inageuka ya njano au nyekundu badala ya nyeupe, kwa kuwa volti zimeshuka njiani na kitaa cha buluu ndicho kinachoshindwa mapema. Ukiona hivyo, ama punguza mwanga kwenye programu, ama tafuta habu ya ARGB inayochukua umeme wake kwenye SATA na kuomba amri tu kwenye bodi.

Nichukue nafasi hii kuwaonya wanaonunua feni sita kwenye boksi moja pamoja na rimoti. Nyingi zina plagi ya pini sita ya mtengenezaji huyo tu, inayoingia kwenye kidhibiti chake. Taa na mwendo vimeunganishwa humo, na isipokuwa kidhibiti hicho kina waya wa kwenda kwenye mazabodi, bodi haitakuwa na uwezo wa kuziamuru. Siku kidhibiti kikifa, feni zote sita zimekwenda nacho. Zinapendeza na bei yake inavutia, lakini mimi siwezi kumshauri mtu azinunue.

#10, Mtumishi wa Karatina

Wakuu, salamu kutoka Kenya. Sisi wengi huku tunatumia mashine zilizokwisha kutumika ng'ambo, zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk. Nimeongeza kadi ya picha kwenye EliteDesk yangu na ndani kumekuwa na joto kali. Nataka kuongeza feni mbili, lakini pawa saplai haina Molex wala SATA, na soketi ya feni ya nyuma ina feni yake tayari. Nifanyeje?

#11, Mleta uzi

Karibu sana ndugu yetu. Kwenye nyingi za mashine hizo, umeme wa diski hautoki kwenye pawa saplai bali hutoka kwenye mazabodi yenyewe, kupitia soketi ndogo inayogawanyika kuwa plagi za SATA. Kwa hiyo unapochomeka habu kwenye plagi hiyo, usihesabu zile ampea 4.5 nilizozitaja mwanzoni. Mkondo wote unapita kwenye bodi, na mtengenezaji aliupima kwa ajili ya diski mbili au tatu na kifaa cha DVD. Feni mbili za ampea 0.1 hazitamsumbua mtu, hasa kama uliondoa kifaa cha DVD, lakini usiweke sita.

Amri unaweza kuichukua kwenye soketi ya feni ya nyuma kwa splita ya pini nne, ukiiacha feni ya awali kwenye mguu unaorudisha taarifa ya mizunguko, kwa sababu mashine hizi hukagua feni zake wakati wa kuwaka, na zisipoona mizunguko zinayoitarajia hukusimamisha na ujumbe wa kosa kila asubuhi. Kwenye Dell baadhi, soketi ya feni ina pini tano au mpangilio wa pini usio wa kawaida, na hapo usilazimishe plagi ya kawaida hata ikionekana kuingia. Pima kwanza kwa multimita (kipimo cha umeme) iliyowekwa kwenye volti 20 za DC, kati ya pini moja na chuma cha kasha, mpaka ujue ipi ni 12. Kisha tafuta adapta iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli hiyo.

#12, Kijana wa Igoma

Mkuu, nimerudi na mrejesho. Zile nne za pini tatu zimeandikiwa 0.12 kila moja, jumla 0.48, nimeziweka kwenye soketi ya kasha kwa splita na nimechagua DC. Zimetulia. Swali moja limebaki: kwenye BIOS naona feni mbili tu zina mizunguko, moja kwa kila kundi, ilhali zote sita zinazunguka kwa macho. Na kundi la habu likishuka chini ya asilimia 20, feni moja inasimama na nyingine inaendelea.

#13, Mleta uzi

Hesabu yako ni safi. Kuona feni moja kwa kila kundi ndivyo inavyotakiwa. Taarifa za feni nyingi zikirudi kwenye waya mmoja, mapigo yao yatachanganyika na bodi itasoma namba zisizo na maana, ndiyo maana habu hurudisha taarifa ya soketi yake moja tu, mara nyingi ile yenye namba 1 au rangi tofauti, na splita huwa na mguu mmoja wenye pini ya taarifa huku mingine ikiwa imeondolewa pini hiyo. Hasara yake ni kwamba feni nyingine ikifa hutaambiwa, kwa hiyo fungua kasha uzitazame kila unapopiga vumbi. Hakikisha soketi ya kwanza ya habu ina feni, kwani ikiwa tupu bodi itadhani hakuna kinachozunguka.

Kuhusu ile inayosimama, feni hazilingani katika kasi ya chini kabisa. Nyingine zimetengenezwa zisimame kabisa amri ikiwa ndogo mno, na Arctic P12 PWM, kwa mfano, husimama chini ya asilimia 5. Nyingine hung'ang'ania mwendo wao wa chini hata ukiweka sifuri. Katika BIOS, panda taratibu kutoka 20 mpaka uone feni zote mbili zinaanza zenyewe kutoka kusimama, si kuendelea tu kuzunguka, kisha ongeza asilimia tano juu ya hapo na uifanye kuwa sakafu ya kundi hilo. Kuanza kunahitaji nguvu zaidi kuliko kuendelea, kwa hiyo jaribu kwa kuizima na kuiwasha kompyuta, si kwa kushusha asilimia ikiwa tayari inazunguka.